Kiganja cha Taifa

Nchi ya Shibe iko mbali sana na hapa, kwa hiyo wewe unayesoma usianze kugeuka kutazama nani amesimama nyuma yako. Mambo haya ni ya huko. Huku kwetu hayawezi kutokea, na atakayesema yanaweza, tutamwuliza ametumwa na nani.

Shibe ilikuwa na Ghala Kuu la Taifa, na humo magunia ya mahindi ya akiba yalipangwa mpaka yakagusa paa. Ghala lilikuwa na mabanda mawili, la mashariki na la magharibi. Kila mwaka, Siku ya Shibe, wageni wa heshima walikaa kwenye viti vya kukunja wakatazama makuli wakihamisha magunia kutoka banda la mashariki kwenda la magharibi. Mwaka uliofuata yalirudishwa. Kwa njia hiyo nchi ile ilikuwa inabeba chakula kingi kuliko nchi yoyote, ingawa wananchi wenyewe, kwa uzalendo wao, walikula muhogo.

Mmoja wa makuli hao aliitwa Salmini Ngwali, mtu wa makamo, shingo fupi kwa sababu ya kazi na ulimi mfupi kwa sababu ya kutaka kuendelea na kazi. Alianza kubeba magunia ya Ghala Kuu kabla hajaoa, na sasa alikuwa na binti wa kuozwa. Alijua kubeba, na zaidi ya kubeba alijua kuziba. Makuli wa Shibe walikuwa na mila yao: gunia likitoboka, huliachi limwage. Unasimama palepale, unabandika kiganja kwenye tundu, unakaza, unaita sindano. Mshona magunia anakuja na sindano yake ndefu na uzi wa katani, anashona huku wewe unaondoa vidole kimoja kimoja. Kutazama kilichomo ni mwiko. Anayetazama ni mbea, na kuli mbea hapewi mzigo.

Lakini kiganja si jicho, hakifumbiki. Kilichokuwa kinahisiwa na viganja vya makuli kilibaki kati ya kiganja na mwenyewe. Salmini alikuwa amehisi mengi na hakuwahi kuuliza, maana mbebaji haulizi mzigo.

Mshona magunia alikuwa Hemedi, mwanamume mpole mwenye mikono mizuri, na huyo ndiye aliyekuja kumposa binti wa Salmini, Saumu. Mtu na mkwewe walikuwa wamekutana vidoleni miaka mingi kabla ya kukutana barazani. Ndoa ikapangwa iwe Ijumaa, siku moja baada ya Siku ya Shibe, kwa kuwa ile ndiyo wiki pekee ambayo makuli hawakopwi mshahara.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, makuli wakaitwa uwanjani.

Aliyewaita alikuwa Mheshimiwa Dakta Kigumba, Waziri wa Mikono na Nguvu za Wananchi. Mbele yake palikuwa na meza iliyofunikwa bendera, na bendera ilipoondolewa, makuli wakaona kitu kilichowafanya warudi nyuma hatua moja. Zilikuwa glavu za ngozi nene, za kufika karibu na kiwiko. Kwenye kila kiganja zilitoka kulabu tatu za chuma zilizojikunja kama kucha za mwewe. Ukiisukuma glavu kwenye gunia, kulabu zinashika zenyewe. Ukiinuka, gunia linainuka nawe. Ziliitwa Kiganja cha Taifa. Zilikuwa zimenunuliwa kwa shemeji yake Waziri, kwa sababu katika nchi ile kila kitu kilinunuliwa kwa shemeji, watu baki wakiwa hawaaminiki.

Waziri alizungumza mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili. Alisema mkono wa binadamu ni kifaa cha kikoloni. Alisema mataifa makubwa yameendelea kwa kushika, na taifa lisiloshika litashikwa. Makuli walipiga makofi, lakini kwa wasiwasi. Serikali hiyo haikuwahi kuwapa hata ndoo ya maji ya kunywa. Leo inawapa mikono?

Salmini ndiye aliyeona mkanda wa kifundoni, na kwenye mkanda, kufuli. Akauliza kwa adabu zote ni ya nini.

"Swali zuri sana," alisema Waziri. "Serikali inawaamini makuli wake kwa moyo wote. Ndiyo maana imeweka kufuli moja tu kwa kila mkono."

Ufunguo ulikuwa mmoja kwa mikono yote, kwani funguo nyingi huzaa wezi wengi. Ulikabidhiwa kwa Bwana Ndimbo, Mtunza Ufunguo, mtu aliyeuning'iniza shingoni na hakuuvua hata akioga. Kazi yenyewe ingeanza Alhamisi, Siku ya Shibe, lakini glavu zilifungwa Jumatatu ile ile ili mikono ipate muda wa kuzoea. Kufuli zikalia moja baada ya nyingine. Salmini akarudi kwake akiwa na kucha sita za chuma na hana mahali pa kuziweka.

Mkewe, Mwanakheri, alimpokea mlangoni.

"Baba Saumu," alisema, "umefanya nini?"

Hilo ndilo swali lililouma kuliko kufuli. Mtu aliyeishi naye miaka yote ile hakuuliza amefanywa nini. Aliuliza amefanya nini. Salmini akaeleza. Mwanakheri akasema amesikia, ila hakusema ameamini. Akamlisha muhogo kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na kila tonge likaja na swali dogo.

Mtaani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengine walisema Salmini amepewa cheo cha kukusanya kodi, na zile kulabu ni za kuingizia mkono mifukoni mwa watu. Wengine wakasema hapana, ameiba, akakatwa mikono, na Serikali kwa huruma yake imempa mingine. Muuza mafuta ya taa akaanza kumpimia sawasawa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote ila askari. Majirani waliozoea kumpa mkono sasa walimpungia wakiwa mbali.

Na makuli wenyewe walianza kuogopa mikono yao. Mmoja wao alisema ndani ya ngozi ile lazima kuna kitu kinachosikiliza. Hakuna aliyekiona, na hilo ndilo lililowathibitishia kwamba kipo. Tangu hapo, kuli akitaka kulalamikia bei ya muhogo, alitoa kwanza mikono yote miwili nje ya dirisha, akalalamika, kisha akairudisha ndani. Ukipita jioni kwenye vibanda vya makuli ungeona mikono ya chuma inaning'inia madirishani ukuta mzima, na ndani watu wananong'ona.

Jumanne akaja Mzee Feruzi, ami yake Hemedi, ndiye mkubwa wa upande wa bwana harusi. Alikuja kuthibitisha mambo ya Ijumaa, lakini macho yake hayakutoka kwenye mapaja ya Salmini, mahali glavu zilipolala. Akanywa chai. Akasifu mkeka. Mwishowe akatoa lililomleta.

Kwa desturi za watu wale, baba wa binti humpa bwana harusi mkono, kiganja kwa kiganja, na maneno ya ndoa hupita hapo. Shehe alikwisha kusema kwamba mkono ni mila tu, ndoa inasimama kwa maneno na mashahidi. Lakini Mzee Feruzi hakuwa mtu wa kuridhishwa na elimu.

"Baba hutoa kiganja chake tukakiona," alisema. "Kikifichwa, watu watajiuliza kimefichwa kwa nini. Sisi, Bwana Salmini, hatuoi kwa chuma."

Salmini alimwambia Ijumaa atakuwa na mikono yake. Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu nyuma ya pazia Saumu alikuwa ameacha kuchambua karafuu zake na nyumba nzima ilikuwa imetulia ikimsikiliza.

Asubuhi yake akaenda kwa Bwana Ndimbo. Alimkuta ofisini, ufunguo uko kifuani. Salmini akaomba afunguliwe Ijumaa, saa moja tu, amwoze binti yake, kisha afungwe tena na Serikali isione hasara yoyote.

Bwana Ndimbo alishtuka. Akaita wenzake wawili, wakamzunguka Salmini wakamkagua kama watu wanaonunua mbuzi wa shaka. Wakauliza kwa nini Ijumaa. Wakauliza kwa nini saa moja. Mtu anaweza kufanya mengi kwa saa moja. Wakauliza huyo binti ni wa kuzaa au wa kusingizia. Salmini akajibu yote, na kila jibu lilizidi kumchafua, kwa sababu lilikuwa tayari mdomoni, na jibu lililo tayari limeandaliwa.

"Hebu nieleze jambo moja," alisema Bwana Ndimbo. "Mtu mwenye nia njema anataka mikono mitupu ya nini?"

Salmini hakuwa na jibu. Hilo nalo likaonekana kuwa ungamo.

Aliporudi nyumbani alifuatwa na bwana mmoja aliyevaa koti la mvua, na mvua haikuwa na dalili. Mwenye Koti hakujificha. Alikaa kwenye benchi la jirani, akakodoa macho mlangoni, na ilipofika saa ya chakula akabisha hodi akaomba muhogo, kwani bajeti ya ufuatiliaji haikuhusisha chakula. Mwanakheri alimpa. Akala, akashukuru, akarudi benchini kuendelea kuwashuku.

Siku ya Shibe ikafika. Viti vya kukunja vilijaa. Alikuwapo Waziri, walikuwapo mabalozi wa nchi rafiki, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, ambao maneno yake yote ni "Tumeshiba". Makuli walijipanga, chuma kikimeta. Hemedi alisimama pembeni na sindano yake, mtu pekee kati ya wafanyakazi wote aliyekuwa na mikono mitupu, maana sindano haishikiki kwa kulabu.

Salmini alikuwa wa kwanza. Zamani angelikumbatia gunia, alisikilize kwa kifua, aliinue kwa pumzi. Sasa akasukuma glavu kama alivyofundishwa. Kulabu zikaingia, zikashika barabara. Akainuka. Gunia likainuka naye, wageni wakapiga makofi, na hapo hapo gunia likachanika kutoka juu hadi chini kwa mlio wa kanga inayoraruliwa.

Ukamwagika mchanga.

Mchanga mzuri, mkavu, wa mtoni. Ulimwagika miguuni mwa Salmini, na kando yake gunia la pili likachanika, na la tatu, na banda zima likaanza kuchanika. Kila kuli aliyejitahidi kusaidia kwa zile kulabu alifungua tundu jingine. Waliosimama chini walirudia mila yao bila kufikiri: wakabandika viganja kwenye matundu. Lakini hawakuwa na viganja. Walikuwa na chuma, na chuma kikatoboa zaidi.

Ndipo Salmini alipoelewa, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote ile hakuna ukuta, askari wala kufuli vilivyokuwa vimeshikilia Ghala Kuu la Taifa. Lilikuwa limeshikiliwa na viganja vya makuli, kwa hiari, bure kabisa, vikiziba tundu na mdomo kwa pamoja. Mahindi yalikuwa yamekwenda safari ya kikazi zamani sana na hayakurudi. Makuli walijua. Na Serikali, isiyomwamini mtu, ikaenda ikavisha chuma mikono pekee iliyokuwa inaificha.

"Zibeni!" alisema Waziri akiwa bado anawatabasamia mabalozi. Akamgeukia Bwana Ndimbo. "Fungua huyo wa mbele. Azibe kwa mkono."

Ufunguo ukatoka kifuani, na mikono ya Salmini ikafunguliwa. Ilikuwa myeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Aliitazama kama mtu anayetazama wageni waliochelewa. Gunia lilikuwa mbele yake, tundu liko usawa wa kifua, na mkono, kwa mazoea, ulishaanza kwenda wenyewe.

Aliusimamisha njiani.

"Mheshimiwa," alisema, "nikiziba hapa, kule nani ataziba?"

Waziri akatazama kule. Kule mchanga ulikuwa umefika kwenye viatu vya mabalozi. Basi akafanya lile ambalo limemweka madarakani chini ya marais wanne: akapanda juu ya lundo lile la mchanga akahutubia. Aliwaambia wageni kwamba nchi nyingine huhifadhi mahindi, na mahindi huliwa na wadudu. Shibe, kwa hekima ya viongozi wake, imehifadhi ardhi yenyewe ambayo mahindi huota. Adui anaweza kupora mazao, ila nani ataipora ardhi iliyokwisha kufungwa kwenye magunia? Mabalozi wakapiga makofi kwa muda mrefu. Wawili wakaomba mfano mdogo wa kupeleka kwao.

Wageni walipoondoka, ikaundwa Tume. Ilikaa palepale juu ya mchanga, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Tume haikuuliza mahindi yako wapi. Iliuliza mchanga umeingizwa na mkono wa nani, na ikatumia akili kubwa sana. Mikono ya makuli, ilisema, tangu Jumatatu ilikuwa chini ya kufuli ya Serikali, kwa hiyo haina hatia. Mikono ya Waziri ilikuwa inahutubia. Ilibaki mikono mitupu. Katika Ghala Kuu siku ile watu wenye mikono mitupu walikuwa wawili tu: Hemedi mshona magunia, na Salmini Ngwali, ambaye tena alionekana akiiomba mikono hiyo tangu Jumatano, kana kwamba alijua.

Wakamwita Salmini peke yake. Mwenyekiti wa Tume alimsemesha kwa upole, na Salmini aliuogopa upole ule kuliko kitu chochote. Akaambiwa mtu mmoja anatosha. Hemedi ndiye mwenye sindano. Anayefunga gunia ndiye anayejua amefungia nini. Salmini akisema hivyo mbele ya Tume, ataondoka na mikono yake mitupu, huru, kesho akamwoze binti yake.

"Nimwoze nani?" aliuliza Salmini.

Mwenyekiti alisema hilo ni suala la kifamilia.

Salmini alitazama vidole vyake. Aliwaza kuhusu Saumu na karafuu zake. Aliwaza kuhusu vile vidole vya Hemedi vikipita karibu na vyake mwaka baada ya mwaka, vikishona kwa uangalifu ili visimchome. Kisha akasema maneno ambayo kuli wa Shibe hakuwahi kuyasema mbele ya mtu mwenye kiti.

"Hemedi alishona nilichoziba. Nami niliziba nikijua. Kama ni mkono, andika wangu kwanza."

Tume ikafurahi sana, kwa sababu ilikwenda kutafuta mkosaji mmoja ikapata wawili. Hukumu ikawa kwamba mikono ya wakosaji wote wawili ivishwe Kiganja cha Taifa, na kwamba safari hii ufunguo hautahitajika tena. Bwana Ndimbo aliutupa, ule ule mmoja wa mikono ya makuli wote, ndani ya mchanga mbele ya mashahidi. Glavu za Salmini zilikuwa zimepinda kwenye lile gunia la kwanza, basi Hemedi alivishwa akafungwa zake papo hapo, naye Salmini akaambiwa zake zitaletwa kesho zikishanyooshwa.

Ijumaa baraza la Salmini lilijaa watu waliokuja kuona mikono zaidi kuliko harusi. Salmini alikaa kwenye mkeka, mikono mitupu juu ya magoti, kila mtu aione. Mlangoni alisimama Mwenye Koti. Kwapani alikuwa na glavu zilizonyooshwa.

Bwana harusi akaingia na ami yake. Kanzu ya Hemedi ilikuwa na mikono mirefu kupita kiasi. Alikaa mbele ya mkwewe, akasita, kisha akanyoosha mkono wa kulia, na kutoka kwenye kanzu nyeupe zikajitokeza kulabu tatu.

Macho yote yakamwendea Mzee Feruzi, naye akawa anahesabu nyuzi za mkeka.

"Mzee wangu," alisema Salmini taratibu, "nilisikia kwenu hamuoi kwa chuma."

Mzee Feruzi akainua uso. Ulikuwa umezeeka tangu Jumanne. "Aliyesema hayo," alijibu, "alikuwa hajafungiwa mtoto wake."

Salmini alinyoosha mkono akashika kulabu. Zilimchoma, akakaza vilevile, kama alivyokuwa akikaza kwenye tundu. Akahisi chuma kinajivuta ili kisimchome. Ndani ya ile ngozi palikuwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu ulikuwa unaogopa. Akasema, amemwoza binti yake Saumu. Hemedi akasema, amekubali. Nyuma ya pazia Mwanakheri akapiga kigelegele kimoja, akalia.

Mwenye Koti alisubiri kwa heshima mpaka watu wakamaliza pilau ya muhogo, naye akala sahani yake. Kisha akainama mbele ya Salmini. Kufuli zikalia, moja kwa kila mkono.

Katika Ghala Kuu la Taifa, sasa hakuna kiganja hata kimoja kilichobaki. Magunia yanaendelea kutoboka na hakuna wa kuyaziba. Mchanga umepita chini ya lango, umevuka barabara, umefika sokoni, na watu wanatembea juu yake bila kuutazama. Serikali ya Shibe imeunda Tume nyingine kuchunguza ni nani anayeumwaga. Inaanzia kwa wenye mikono mitupu.

Ni mbali, tulishasema. Lakini kama umeishika karatasi hii kwa vidole vyako mwenyewe, ikunje taratibu, uiweke chini.